Makofi Hayashushi Presha

Kila Februari, Wamarekani wakiadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, mitandao hujaa hadithi za aina moja. Kinyozi anampima mteja presha kabla ya kumnyoa. Mama wa kanisa anagawa mboga nje ya ibada. Muuguzi mstaafu anazunguka mtaani na mashine ya kupima sukari kwenye mkoba. Muziki wa piano nyuma, machozi kidogo, halafu maoni elfu moja ya "hawa ndio mashujaa wa kweli." Nasi huku Nairobi, Mombasa na Kisumu tunasambaza, tunaweka kamoyo kekundu, tunaendelea na siku.

Enyewe, nimechoka na hayo makofi. Sina ugomvi wowote na kinyozi, wala na mama wa mboga. Ugomvi wangu ni na yule anayepiga makofi kwa nguvu ndipo asisikike akikataa kulipa. Sifa tunazowamwagia wanaojitolea zimekuwa njia rahisi ya kuwasamehe wanaodaiwa. Na ukiichunguza historia ya Wamarekani Weusi, utakuta kwamba waliojitolea na mambo yakabadilika kweli ni wale waliotibu huku wakidai. Waliotibu wakanyamaza walishukuriwa, wakapigwa picha, kisha wakaachiwa mzigo ule ule.

Deni lenyewe si dogo. Mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Marekani, akina mama Weusi 50.3 walikufa kutokana na ujauzito au uzazi. Kwa akina mama wazungu ilikuwa 14.5. Hizo ni takwimu za serikali yao wenyewe. Zaidi ya mara tatu, katika nchi inayotumia pesa nyingi kwa afya kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sasa mtu anakuja kuniambia ati dawa ya pengo kama hilo ni moyo wa kujitolea?

Hebu tuanze na kinyozi, maana ndiye kipenzi cha hizo video. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daktari Ronald Victor huko Los Angeles. Vinyozi 52 walifungua milango yao, na wateja 319 wakashiriki, wote wanaume Weusi wenye presha ya juu. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa na kinyozi: punguza chumvi, fanya mazoezi, nenda ukamwone daktari. Kundi la pili lilipata kinyozi huyo huyo wa kuhimiza, lakini pia mfamasia aliyekuja hadi pale wanaponyolea, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari, akarudi tena na tena kufuatilia.

Baada ya miezi 6, ile namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa pointi 27 kwa waliopata mfamasia. Kwa waliopata maneno mazuri peke yake, pointi 9. Waliofika chini ya 130 kwa 80 walikuwa karibu asilimia 64 upande wa mfamasia, na hawakufika asilimia 12 upande wa pili.

Soma hizo namba polepole. Makundi yote mawili yalikuwa na kinyozi anayejali. Makundi yote yalikuwa na kiti, stori za mpira, utani na kuaminiana. Kilichoongezwa upande mmoja ni mtu aliyesomea dawa, mwenye mshahara, mwenye ruhusa ya kuandika dawa, na nyuma yake pesa za serikali kupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa afya. Upendo wa mtaa ulifungua mlango. Aliyeingia kwa huo mlango na kushusha presha alikuwa analipwa. Lakini kwenye video, wapi! Mfamasia hayuko. Bajeti haiko. Amebaki kinyozi na piano.

Na usidhani hii ni tabia ya enzi ya mitandao. Mwaka 1935 wanawake wa Alpha Kappa Alpha, chama cha wanawake Weusi waliosoma vyuo vikuu, walifunga safari hadi kaunti ya Holmes, jimbo la Mississippi, wakiongozwa na Daktari Dorothy Ferebee. Walikuwa wametoa likizo zao bure. Wenye mashamba ya pamba hawakutaka vibarua wao waondoke shambani kwenda kliniki. Basi akina dada wakapakia vifaa kwenye magari yao wenyewe, wakaipeleka kliniki shambani. Waliwachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo, wakafundisha akina mama juu ya lishe, na mradi wao ukaendelea Mississippi kila kiangazi hadi 1942, vita vya dunia vilipobana petroli na matairi.

Ni kazi ya kishujaa, sibishi. Sasa ruka hadi 1964. Madaktari na wauguzi wengine wa kujitolea, wa kundi lililoitwa Medical Committee for Human Rights, wanafika Mississippi kuwahudumia vijana wanaopigania haki ya kupiga kura. Baadhi yao wanaanzisha kakituo ka afya mahali panapoitwa Mileston. Mileston iko wapi? Kaunti ya Holmes. Miaka 29 imepita, kaunti ni ile ile, na wananchi wa huko bado wanategemea wageni wenye moyo mzuri. Kama kujitolea peke yake kungetosha, Holmes ingekuwa imepona.

Tofauti ni kwamba hawa wa 1964 hawakukubali kuishia kwenye bandeji. Mmoja wao, Daktari Jack Geiger, alikuwa amewahi kwenda Afrika Kusini akiwa mwanafunzi, akajifunza Pholela, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wamejenga kituo cha afya kati ya Wazulu maskini miaka ya 1940. Pale Pholela aliona kituo kinachouliza maji yanatoka wapi na watu wanakula nini kabla ya kuuliza kidonge gani kitolewe. Yeye na wenzake wakachukua wazo hilo la Kiafrika, wakaenda kubisha serikali kuu ya Marekani, iliyokuwa imetangaza vita dhidi ya umaskini chini ya Rais Lyndon Johnson. Hawakuomba msaada wa siku moja. Walidai bajeti.

Kituo kikafunguliwa Mound Bayou, mji uliojengwa na watu waliotoka utumwani. Watoto waliletwa wakiwa wamekonda kwa njaa. Madaktari wakaandika chakula kwenye karatasi za dawa: maziwa, nyama, mboga. Familia ikaenda nayo dukani, na duka likatuma bili kwa kituo, ilipwe kutoka fungu la dawa. Wakubwa wakaja juu: kwani fungu la dawa ni la kununulia maziwa? Geiger akawajibu kwamba kwa vitabu vya udaktari alivyosoma yeye, tiba ya utapiamlo ni chakula. Wenyeji wakachimba visima, wakaanzisha shamba la ushirika. Leo vituo vya afya vya jamii vya mfano huo, vyenye pesa za serikali kuu, vinahudumia zaidi ya watu milioni 30 kote Marekani. Hayo ndiyo matunda ya waliojitolea waliokataa kubaki wa kujitolea.

Kuna mfano mwingine ambao haupigiwi makofi kabisa, labda kwa sababu hauna piano. Kabla ya 1966, hospitali nyingi za kusini mwa Marekani ziliwatenga Weusi: wodi zao chini kwenye giza, au kufukuzwa mlangoni. Bima ya wazee iitwayo Medicare ilipokuwa inaanza Julai 1966, serikali ilitoa sharti moja: hospitali inayobagua haipati hata senti. Zaidi ya hospitali 1,000 zilivunja ubaguzi wao ndani ya miezi michache. Miongo ya sala, maandamano na mahubiri haikuwa imezifikisha hapo. Baadaye wanauchumi walipofuatilia Mississippi, walikuta vifo vya watoto wachanga Weusi kutokana na kuhara na nimonia vilipungua sana baada ya milango hiyo kufunguliwa.

Na wanaojitolea walikuwa wapi hapo? Walikuwepo. Walikusanya malalamiko, wakaandika hospitali gani inadanganya, wakapeleka Washington. Walifanya kazi ya shahidi. Hiyo ndiyo kazi ambayo serikali na hospitali huiogopa, na ndiyo maana hakuna anayeitengenezea video.

Chama cha Black Panther kilielewa jambo hili kuliko watu wengi wanaovaa fulana zake leo. Kuanzia 1970 kila tawi liliagizwa kufungua kliniki ya bure. Vijana walijifunza kupima selimundu, ugonjwa wa damu ambao serikali ilikuwa imeupuuza kwa sababu wagonjwa wake wengi walikuwa Weusi. Walipima majumbani, bustanini, mitaani, huku wakisema wazi kwamba kupuuzwa huku ni siasa. Mwaka 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya kudhibiti selimundu. Mwaka huo huo Panther waliandika kwenye madai yao makuu kwamba Weusi na wote wanaokandamizwa wapewe matibabu bure. Serikali ikachukua kipimo, ikaliacha dai. Zaidi ya miaka 50 baadaye, dai bado liko pale pale.

Najua jibu linalokuja. Utaambiwa kwamba tatizo ni Weusi kutoziamini hospitali, na kwa hiyo jirani wa kujitolea anahitajika kuwashawishi. Hoja hii inasikika kama busara, lakini iangalie vizuri. Mwaka 1915 Booker T. Washington alianzisha Wiki ya Afya ya Weusi. Wananchi wenyewe walisafisha mitaa, wakaziba mashimo ya maji machafu, wakasikiliza mihadhara ya afya. Mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya serikali kuu ilichukua uendeshaji wa Wiki hiyo. Mwaka huo huo wa 1932, idara hiyo hiyo ilianza kuwachunguza wanaume Weusi 399 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwatibu. Waliendelea kuwatazama hadi 1972, ingawa penisilini ilikuwa imethibitishwa kutibu kaswende tangu miaka ya 1940.

Sasa nani hapo ana tatizo la uaminifu? Asiyeamini ana kumbukumbu nzuri, basi. Ukimtuma jirani yake akamshawishi aende hospitali ambayo haijabadilika, umemfanya huyo jirani mdhamini wa mkopo ambao si wake. Hospitali ikimvunjia mgonjwa heshima, atakayedaiwa kule mtaani ni kinyozi.

Halafu kuna suala la nani anaitwa mtu wa kujitolea, na nani anapewa mkataba. Philadelphia, Aprili 2020, korona ikiwa imepamba moto, Daktari Ala Stanford, mpasuaji wa watoto, aliona Weusi wanarudishwa kutoka vituo vya kupima, wengine kwa kukosa barua ya daktari, wengine kwa kuwa hawana gari katika foleni ya magari. Alitoa pesa zake mwenyewe, akajaza vifaa kwenye gari, akaweka kambi kwenye viwanja vya makanisa. Januari 2021 jiji lilipotaka mtu wa kuendesha kituo chake kikubwa cha kwanza cha chanjo, lilimpa nani? Kikundi kipya kilichoongozwa na kijana wa miaka 22 ambaye hakuwa daktari wala muuguzi, kilichojitambulisha kama cha kujitolea. Ndani ya wiki chache jiji likavunja uhusiano nacho. Kilikuwa kimejigeuza kampuni ya faida, na mkuu wake akakiri kwamba alienda na dozi kadhaa nyumbani. Neno "kujitolea" lilikuwa limetumika kama hirizi: ukilivaa, hakuna anayekuuliza vyeti.

Pittsburgh wao waliyaona haya mapema. Mwaka 1967 mtaa wa Weusi uitwao Hill District ulikuwa hauna ambulensi ya maana. Mgonjwa alibebwa na gari la polisi. Mradi wa Freedom House ukachukua vijana wa mtaa, wengi wasio na kazi, ukawapa mafunzo ya mamia ya saa chini ya Daktari Peter Safar. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa dharura wa kwanza wenye mafunzo kamili Marekani nzima. Mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake, likaifunga Freedom House, na wengi wa waanzilishi wakasukumwa nje pole pole. Daktari wao wa mwisho, Nancy Caroline, ambaye baadaye alikuja kufanya kazi Nairobi na AMREF, aliandika mafunzo yao yakaenea nchi nzima. Ujuzi ulibaki. Waliouzaa hawakubaki nao.

Na hapo ndipo msomaji wa Nairobi hana ruhusa ya kukaa kando na popcorn. Wale akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba Kayole na Kwale na mikoba yao tuliwaita wahudumu wa kujitolea kwa miaka mingi. Mwaka 2023 jina likabadilishwa, wakawa wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, kwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Hesabu mwenyewe inatosha nini, hata siku inapofika kwa wakati. Tunaposambaza hadithi ya kinyozi wa Marekani bila kuuliza nani alimlipa mfamasia, tunajizoesha kutomuuliza gavana wetu.

Utaniuliza: kwa hiyo watu waache kujitolea, wangoje sheria? Mgonjwa afe akisubiri bajeti? Hapana. Mtoto akianguka kisimani humngoji fundi wa kufunika kisima. Lakini ukishamtoa, unaondoka bila kumtafuta aliyekiacha wazi? Na akianguka wa pili, wa tatu, wa kumi, bado unachukua picha tu na mtoto aliyelowa?

Angalia kilichotokea kwenye figo. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilitumia hesabu iliyoongeza alama kwa mgonjwa Mweusi, figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo. Matokeo yake aliingia kwenye foleni ya kupandikizwa figo akiwa amechelewa. Mwaka 2021 wataalamu walipendekeza hesabu hiyo itupwe. Mwaka 2023 hospitali zikaagizwa zirudishe muda waliopoteza wagonjwa hao, na kufikia mwanzoni mwa 2024 zaidi ya Weusi 14,000 walikuwa wamerudishiwa muda, wastani wa miaka miwili kila mmoja. Kalamu ilifanya hivyo. Hakuna maandamano ya kupima presha bustanini, hata yangefanywa kila Jumamosi kwa karne nzima, ambayo yangerekebisha hesabu iliyofichwa ndani ya kompyuta ya maabara.

Na kalamu nyingine bado zimefungwa. Tangu 2012 Mahakama ya Juu iliposema kila jimbo lijiamulie kama litapanua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, majimbo 10 bado yamekataa hadi leo. Texas, Florida, Georgia, Alabama na Mississippi zimo. Ni kusini huko huko ambako Wamarekani Weusi wengi zaidi wanaishi. Ni Mississippi ile ile ya Holmes. Magavana wa majimbo hayo hawana shida yoyote kupiga picha na mama wa kanisa anayegawa mboga. Anawasaidia. Kila sahani anayogawa inawapunguzia aibu.

Basi kwa anayejitolea, iwe Jackson, Mississippi, au Kayole, ushauri wangu hauna ushairi. Weka daftari. Andika umepima wangapi, wangapi walikutwa wagonjwa, wangapi walirudishwa mlangoni na nani, kwa sababu gani. Kipe kila kitu bei: masaa yako, nauli, glavu. Kisha peleka hiyo hesabu kwa anayepaswa kulipa, mbele ya watu, kila mwezi. Akikuita shujaa, mshukuru, umpe risiti.

Na kwa sisi wa kusambaza: kabla ya kuweka kamoyo, uliza nani hayuko kwenye picha. Kinyozi wa Los Angeles alifanya sehemu yake, kiti chake kiko wazi hadi leo. Matokeo yako mezani tangu 2018, pointi 27 kwa 9. Kilichobaki ni mtu wa kumlipa mfamasia.